Kambi ya jangwani Oman: anza na chumba chako

Kuna kijana wa mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, amepata mkataba wa miaka miwili Oman, kambi ya mafuta huko bara kabisa. Alikuja nyumbani jioni, akakaa barazani, akauliza swali ambalo kila mtu huniuliza: "Kaka, lile jua linavumilika?"

Nikamwambia jua tutalizungumza, lakini kwanza aniambie amezoea kulala na watu wangapi chumba kimoja. Akacheka, akidhani namtania.

Mimi ni fundi wa AC. Nilisomea majokofu na viyoyozi VETA, nikahangaika na friji za hoteli miaka kadhaa, halafu kuanzia 2017 hadi 2021 nikawa kambini Oman, kusini mwa Haima, mji mdogo wa jangwani. Fundi wa AC ana ruhusa ambayo hata bosi hana: anaingia kila chumba. Nimewakuta watu wakiswali, wakilia, wakikaanga mayai juu ya pasi ya nguo. Nimewaona pia walioomba tiketi ya kurudi kabla miezi mitatu haijaisha, na wachache mno kati yao walishindwa na jua. Walishindwa na kitanda cha juu, na mwenzao anayeongea na simu saa nane usiku, na Ijumaa isiyo na kazi ya kufanya. Ndiyo maana haya niliyomweleza yanakaa chumbani muda mrefu kuliko juani.

Kabla hujapanda ndege

Fungua ramani kwanza. Mtu akisikia Oman anawaza Muscat, bahari, na ndugu wa Kiunguja wenye maduka. Haima iko zaidi ya kilomita 500 kutoka Muscat, kwenye barabara ya Adam kwenda Thumrait na Salalah. Sehemu kama Nimr, Amal na Marmul ziko mbele zaidi, na ili ufike kwenye kambi nyingi unaiacha lami. Usitegemee vile vilima vya mchanga vya kwenye kalenda. Upande wetu ardhi ni bapa kama sinia, changarawe na vumbi la rangi ya chai ya maziwa mpaka macho yachoke. Wiki ya kwanza nilijikuta natafuta mti, si kwa ajili ya kivuli, basi tu niuone.

Wakala wangu aliniambia chumba ni cha watu wawili. Nilikuta vitanda vinne. Simtaji, na si yeye peke yake mwenye mchezo huo. Wewe uliza mapema na ujibiwe kwa maandishi: watu wangapi chumbani, choo cha ndani au cha nje, chakula kinalipwa na nani, likizo ni kila baada ya muda gani na tiketi yake ni ya nani, na saa za ziada zinahesabiwa vipi. Majibu hayo, pamoja na kila ukurasa wa mkataba, yapige picha ujitumie kwenye barua pepe yako mwenyewe. Simu hupotea, karatasi hulowa, barua pepe inabaki.

Pasipoti ni habari nyingine. Tulipofika, ofisi ilizikusanya zote, eti zitunzwe. Oman mwajiri haruhusiwi kukaa na pasipoti ya mfanyakazi bila ridhaa yake. Sikugombana na mtu. Nilisubiri kadi ya ukaazi itoke (kambini wote wanaiita bataka), kisha nikaandika barua ya mistari mitatu nikaipeleka mwenyewe, nikasimama pale na tabasamu langu mpaka nikapewa. Wenzangu watatu walioona haya kuuliza, zao zilikaa kabatini hadi siku ya likizo.

Usibebe dawa kali za maumivu, zile zenye tramadoli au kodeini, bila cheti cha daktari. Na miraa isikaribie begi lako hata jani moja. Rafiki yako wa Mombasa atakwambia ni kitu cha kutafuna tu. Kule Oman inahesabiwa dawa ya kulevya, na safari yako itaishia mahabusu.

Begi lenyewe lisiwe kubwa. Adapta usinunue, plagi za Oman ni zile zile za pini tatu tulizonazo. Chukua kufuli mbili nzuri, chupa ya chai, ndala, tochi ndogo, vikoi viwili, kanga mbili (hata kama wewe ni mwanamume, utaona kwa nini), mafuta ya mgando kopo kubwa, na sweta. Watu hulicheka sweta. Usiku wa Januari, upepo ukivuma juu ya ile changarawe, joto hushuka chini ya nyuzi 10, na aliyekucheka atakuja kuliazima. Buti na ovaroli utapewa; kwenye buti omba namba moja zaidi, maana miguu huvimba mchana.

Weka na unga wa sembe kilo mbili, wa kuonja tu. Chakula cha messi, yaani bwalo la kambi, kinashibisha: wali, dengu, kuku wa mchuzi, chapati, kesho yake hivyo hivyo. Hakina ubaya, ila baada ya wiki sita ulimi unaanza kuota ndoto. Nilijenga urafiki na mpishi mmoja Mhindi wa Kerala nikampelekea ule unga. Akatazama ninavyosonga, akaonja, akasema kwao kuna upma, na hii yangu ni upma iliyosahau kitunguu. Tangu hapo, Ijumaa moja moja aliniachia jiko dakika 20.

Jua, kwa kifupi

Wewe wa pwani utasema joto nalijua. Joto la Tanga ni la jasho, unaliona likitiririka. La kule, nyuzi 45 na kuzidi, hulikausha jasho kabla hujaliona. Unavua shati jioni limekauka kabisa, lina ramani nyeupe ya chumvi mgongoni, nawe ulikuwa unajisifu hukutoka jasho siku nzima.

Mwili huzoea joto kwa wiki moja mpaka mbili. Utaratibu unaoeleweka ni kwamba mgeni siku ya kwanza afanye kama asilimia 20 tu ya kazi ya juani, aongezewe kidogo kidogo kila siku. Msimamizi akikusahau, mkumbushe. Usianze kuonyesha uanaume siku ya pili. Hakuna anayekuandika popote.

Kunywa kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20 ukiwa juani, bila kungoja kiu. Ila usijaze lita mbili kwa mkupuo: maji mengi matupu nayo huangusha, chumvi ikipungua mwilini. Pakiti za maji ya chumvi na sukari zipo kliniki, omba. Ukutani mwa vyoo vyetu palibandikwa picha ya rangi za mkojo, kutoka maji ya limau hadi chai ya rangi, na kila mtu aliicheka wiki ya kwanza, akaitazama kwa makini kuanzia wiki ya pili. Juni hadi Agosti sheria ya Oman inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana. Hizo saa tatu zilale. Usizipe simu.

Na ujue dalili za mtu aliyezidiwa. Alikuwepo kijana Mnepali, msaidizi wa mafundi bomba, mtu mkimya. Mchana mmoja akaanza kucheka peke yake. Tulidhani amekumbuka kitu. Akacheka tena, akamwita msimamizi kwa jina la ndugu yake, akayumba. Mtu akishaanza kuongea ovyo, hapo si uchovu. Mwingize kivulini, mvue ovaroli, mmwagie maji mwili mzima huku unampepea kwa chochote, na mwenzako apige simu kliniki wakati huo huo, si baadaye. Yule kijana alipona. Maji tuliyommwagia yalikuwa ya dumu la kuoshea gari.

Chumba

Sasa tufike. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua kitanda cha chini kilicho mbali na mdomo wa AC. Kitanda cha juu kina joto la dari, kina taa usoni, na kila unaposhuka usiku kwenda msalani unamwamsha mtu.

Simu nyingi nilizopigiwa miaka ile zilikuwa na maneno yale yale: AC haipoozi. Naingia, rimoti inasoma 16, filta imeziba vumbi kama mkeka wa mlangoni, na nyuma yake koili imeganda barafu nyeupe. Mwenye chumba anashangaa: barafu hii hapa, mbona joto? Kisa chake ni rahisi. Filta ikiziba, hewa ya chumba haipiti kwenye koili. Koili inakosa joto la kunyonya, inazidi kuwa baridi, unyevu unaoigusa unaganda. Barafu ile inaziba njia iliyobaki. Kadiri unavyobonyeza kushusha, ndivyo unavyoigandisha zaidi. Ikifika alfajiri inayeyuka, maji yanadondoka juu ya godoro la aliye chini, naye anamlaumu aliye juu. Nimewahi kuamua ugomvi wa namna hiyo, saa kumi na moja alfajiri, watu wawili wazima wanakaribia kupigana.

Jifunze kuifanya mwenyewe, humhitaji fundi. Weka rimoti kwenye feni tu, bila kupooza, uache barafu iyeyuke yote. Yaweza kuchukua saa moja au zaidi, tandika taulo chini. Kisha zima kabisa. Inua mfuniko wa mbele, utaona filta, ni wavu mwembamba wa plastiki unaochomoka kwa kidole. Ioshe kwa bomba ukiyaelekeza maji kutoka upande msafi kwenda upande mchafu, vumbi litoke lilikoingilia. Ukipiga upande mchafu unalisukuma ndani ya matundu. Ianike kivulini, juani inapinda na haitarudi kwenye reli zake. Rudisha, weka 24. Fanya hivi kila wiki mbili, na siku yoyote ambayo vumbi limevuma, fanya siku hiyo hiyo.

Kwa nini 24? Umeme si wako, najua. Lakini ukilala kwenye 16 halafu ukatoka kwenye 45, mwili unabishana na wewe siku nzima, na ule muda wa kuzoea joto niliousema unakwenda bure. Halafu hewa ya AC ni kavu. Mwezi wa kwanza wengi huamka na damu puani wakadhani wameugua. Paka mafuta ya mgando ndani ya pua kabla ya kulala, tundika taulo lililolowa kwenye kiti, mambo yanatulia.

Kabla ya rimoti kuna watu. Chumbani kwetu tulikuwa mimi, Mpakistani wa Peshawar, Mbangladeshi, na Mhindi wa Kerala. Wa Peshawar alitaka 18, kwao kuna milima. Wa Kerala alitaka 27. Mbangladeshi alikuwa hasemi, anajifunika blanketi mbili na kununa. Wiki ya pili nilinunua biskuti, nikachemsha chai, nikawaomba tukae. Tukaandika kwenye kipande cha boksi: AC 24, taa saa nne usiku, simu za kuongea ni nje, saa ya kuamsha inalia mara moja tu. Hiyo ya mwisho ilikuwa ngumu kuliko zote, maana wa Peshawar alikuwa na mlio wa jogoo unaorudia kila dakika tano. Tukabandika lile boksi juu ya swichi. Lilidumu kuliko mkataba wa mmoja wetu.

Na zile kanga. Funga kamba kuzunguka kitanda chako, tundika kanga, umepata chumba ndani ya chumba. Mtu akiona kanga imefungwa hakusemeshi. Ya mke wangu ilikuwa imeandikwa USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO, na kila mgeni aliyeingia aliuliza inasema nini. Nilimtafsiria yule wa Kerala kwa Kihindi changu cha kuokoteza, akafikiri kwa muda, akauliza sasa hiyo nyota ni ya nani.

Kuhusu mayai na pasi: usifanye. Vile vyumba vimejengwa kwa paneli zenye povu ndani, na moto ukiingia humo haungoji zimamoto. Soketi nilizobadilisha zikiwa zimeyeyuka, karibu zote zilikuwa na kitu cha kupikia kilichofichwa chini ya kitanda.

Maneno

Siku yangu ya kwanza messi nilikuta dumu la maji ni tupu. Nikamwashiria mhudumu. Akaniambia, kwa upole kabisa, "Pani mafi." Damu ikanipanda. Nimekuja huku kutukanwa? Aliona uso wangu, akarudia polepole, "Mafi, mafi," huku akitikisa mikono. Pani ni maji kwa Kihindi, na mafi, katika Kiarabu cha kambini, ni hakuna. Mzoee huyo mafi mapema, utamsikia mara mia kwa siku: mafi mushkila, mafi gari, mafi mshahara.

Usiogope lugha. Mswahili anafika kambini akiwa tayari na maneno kibao mfukoni. Gari ni gari kwa Mhindi. Dawa ni dawa, sabuni ni sabun, kitabu ni kitab, chai ni chai, hesabu ni hisab, rangi ni rang. Ongeza jaldi (haraka), khalas (imekwisha), siida (nyoosha mbele) na nafar (mtu, "gari moja, nafar nne"), unafanya kazi. Mimi mwezi wa tatu nilikuwa nabishana bei ya kadi ya simu bila neno la Kiingereza.

Halafu utakutana nao, Waomani wenye Kiswahili. Mmoja wa wasimamizi wetu alikuwa mzee aliyezaliwa Unguja, familia ikaondoka akiwa mdogo baada ya 1964. Nilikuwa juu ya ngazi nikinung'unika peke yangu juu ya boliti iliyokatika, nikasikia chini: "We fundi, boflo ushakula?" Nilikaribia kuanguka. Mtu kama huyo mpe shikamoo yake kila asubuhi, ataipokea kwa raha ambayo hutaielewa mpaka uone jinsi anavyoisubiri. Atakusaidia karatasi zako, atakueleza mambo ya ofisini. Lakini habari za Mapinduzi usizianzishe wewe, hasa kwenye chai ya kwanza. Akitaka atazileta mwenyewe.

Mwezi wa Ramadhani, ukiwa hufungi, usile, usinywe wala usivute sigara mbele za watu mchana. Ni heshima, na Oman pia ni sheria. Kambini pametengwa mahali pa wasiofunga, uliza.

Vitu viwili vinavyoua

Sitazungumzia nge sana. Kung'uta buti kabla hujavaa, kila siku, basi.

Cha kwanza ni gesi. Kwenye visima vingine kuna hidrojeni salfaidi. Wote wanaiita kwa herufi zake, H2S. Ikiwa kidogo inanuka kama yai viza. Ikiwa nyingi inaiua pua kwanza: harufu inapotea ghafla, wewe unasema afadhali imeondoka, kumbe ndiyo imejaa. Kwa hiyo pua si kipimo, kipimo ni kile kifaa unachobandikwa kifuani. Kikilia, tazama mfuko wa upepo ulioning'inia mlingotini, ukatize upepo kwa pembeni, kisha uelekee unakotokea upepo mpaka kituo cha kukutania. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inakaa mashimoni na mabondeni. Ukimwona mtu ameanguka ndani ya shimo usimfuate bila mtungi wa hewa mgongoni, hata awe nani. Najua ni rahisi kuandika.

Cha pili ni barabara. Nimezaliwa mtaa unaoitwa Ngamiani na sikuwahi kuona ngamia anatembea huru mpaka nilipofika Haima. Wana wenyewe, wengi ni wa Waharasisi wa jangwa lile, na kila mmoja anajulikana ni wa nani. Usiku ngamia ana rangi ya barabara. Miguu yake mirefu inaliacha gari lipite chini, mwili unakuja kwenye kioo. Ukiweza kukataa safari ya usiku, kataa. Na gari likikwama au kuzima mbali, kaa nalo. Gari linaonekana na watakaolitafuta wanajua njia liliyoandikiwa kupita. Mtu anayetembea haonekani.

Mvua nayo, usicheke. Mei 2018 kimbunga Mekunu kilipoipiga Salalah, wingu lilifika mpaka kwetu. Ile ardhi bapa haijui kupeleka maji popote. Tulikaa siku kadhaa kama tuko kisiwani, vyoo vimerudi juu, na mimi nabadilisha feni za nje zilizokunywa matope. Tangu hapo niliweka chini ya kitanda boksi la maji na paketi za biskuti.

Simu, na wanaokupenda

Oman iko mbele ya kwetu kwa saa moja. Wakati wangu simu za sauti za WhatsApp zilikuwa zimefungwa, maandishi na sauti za kurekodi zikipita. Nililalamika mwanzoni, baadaye nikaona afadhali. Sauti ya kurekodi unaisikiliza ukiwa umeoga na umekula. Watoto wangu walinirekodia kelele za nyumbani tu, jogoo, muuza samaki, mama yao akigomba, na nilizisikiliza kama taarifa ya habari.

Chagua siku mbili za wiki za kupiga, uwaambie nyumbani, na uzishike. Anayepiga kila usiku anaishi nusu huku nusu kule, na kazi ya jangwani inamtaka mtu mzima.

Pesa: rial moja ni baisa 1,000, kwa hiyo hesabu zao zina tarakimu tatu baada ya nukta. 1.500 ni rial moja na nusu, si elfu moja na mia tano. Nimeona mgeni akizirai dukani kwa bei ya sabuni. Tuma nyumbani tarehe moja ya mwezi, kiasi kimoja. Mizinga itapigwa, ya shemeji, ya binamu, ya mtu mliyesoma naye darasa la nne. Jibu langu lilikuwa moja kwa wote: mwambie mke wangu, yeye ndiye mhasibu. Mke wangu ni mkali. Wengi walighairi.

Ijumaa

Siku sita zinajipeleka zenyewe: basi saa kumi na moja alfajiri, kazi, messi, kuoga, kulala. Ijumaa ndiyo inayowavunja watu. Nikipita vyumbani Ijumaa alasiri niliwakuta wamelala tangu asubuhi, mapazia yamefungwa, simu juu ya uso, AC kwenye 16.

Ipangie kazi usiku wa Alhamisi. Mimi asubuhi nilifua, nikaosha filta, nikanyoa. Baada ya swala nilikuwa napiga pasi nguo za wiki nzima (pasi kwa kazi yake). Alasiri nilitoka nje kwa lazima. Mei na Juni, siku nyingine, upepo ulikuja kutoka kusini ukiwa na ubaridi kidogo, na nikajua ni kusi, huyu huyu wetu, ndiye anayewapelekea Salalah mvua zao za kiangazi. Wahindi na Wapakistani walicheza kriketi kwenye changarawe kwa mpira wa tenisi uliozungushiwa selotepu. Niliitazama mwaka mzima bila kuielewa, kisha wakanipa kazi ya kuufuata mpira unapopotea, na nadhani ndio wadhifa wa juu nilioupata.

Siku moja, kwa uchovu wa kufuata mpira, nikachimba bao pembeni ya uwanja. Mistari minne, mashimo manane manane, kete nikaokota changarawe. Nikawa nacheza mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto. Yule mzee wa Unguja akapita na kikombe chake, akasimama, akahesabu mashimo kwa kidole cha mguu. "Manane ya nini?" akasema. Nikamwambia bao ni manane, mzee wangu, siku zote. Akasema kwao huku wanacheza hawalis, mashimo saba kila mstari, na yangu haya yamezidi. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho tukakubaliana: Ijumaa hii saba, Ijumaa ijayo manane. Akainama, akafukia mashimo yangu manne kwa kisigino, akakaa chini akakunja kanzu.

Alinifunga zote mbili.